Asili ya majina adimu ya Wafilipino: Ate wa wodi ya wazazi, herufi F na kisiwa cha Banton

Mtoto wa Pangani (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie jioni akishatulia.

Nafanya kazi masijala ya hospitali moja hapa Muscat, huu ni mwaka wangu wa sita. Kutwa nashinda na majina ya watu: Waomani, Wahindi, Wabangladeshi, Wasudani, sisi wa Afrika Mashariki, na Wafilipino ambao kwenye uuguzi wamejaa. Kuna muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, kanizidi umri, wote tunamwita Ate. Kwa Wafilipino Ate ni dada mkubwa, na kaka mkubwa ni Kuya. Hata wakubwa wa idara wanamwita hivyo hivyo.

Mwaka jana Ate alikuwa anahuisha leseni yake, faili likagoma. Kwenye paspoti jina lake la ukoo linaanza na F. Kwenye cheti cha kuzaliwa karani wa kwao aliandika P. Na kwenye karatasi moja ya zamani ya huku, mtu alilichukua kutoka kwenye kile cheti akalitia kwenye Kiarabu, na kwa kuwa Kiarabu hakina P, akaandika B. Mwanamke mmoja, herufi tatu. Miezi minne alizungushwa, kila dirisha linamtuma dirisha lingine, na mkataba unakaribia kuisha.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga zile karatasi. Nikamuuliza, "Ate, hili jina lenu hasa ni F au ni P?" Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Bibi yangu amekufa analitamka kwa P. Lugha ya kwetu haina F."

Nikakwama hapo. Watu wasio na F vinywani mwao wamepataje jina la ukoo linaloanza na F?

Akatoa simu akanionyesha picha ya makaburini kwao. Tarehe 1 Novemba Wafilipino huenda makaburini ukoo mzima, wanasafisha, wanawasha mishumaa, wanakula na kukesha pale pale. Wenyewe wanaita Undas. Makaburi ya saruji yamepakwa chokaa, yamebanana, mishumaa imeyeyukia kwenye mawe. Nikakuza picha nisome majina. Kaburi la kwanza F. La pili F. La nyuma yake F. Majina tofauti kabisa, koo tofauti, ila yote yanaanza na F. Nikadhani ni makaburi ya familia moja iliyogawanyika. Akacheka, akasema, "Hapana, huo ni mji mzima."

Jina lake silitaji hapa. Ukoo wao ni mdogo, nikiliandika nimeshamtaja yeye, mama yake na wajomba zake. Ila kisiwa nakitaja: ni Banton, mkoa wa Romblon, katikati ya Ufilipino, kati ya Marinduque na kisiwa cha Tablas. Mtu akisoma majina ya huko atakutana na Fabicon, Fadri, Famisan, Fegalan, Festin, Fetalvero na mengine ya namna hiyo. Ukienda Manila ukamtajia mtu jina kama Fetalvero, mwenye kuyajua mambo atakuuliza moja kwa moja kama wewe ni wa Romblon.

Tangu siku ile nimesoma sana habari hii kila nikitoka zamu, na nimeona niilete hapa. Chanzo chake ni amri ya serikali yenye tarehe yake na saini yake. Naandika sehemu ya pili.

---

Mtoto wa Pangani

Tuendelee.

Wahispania waliitawala Ufilipino zaidi ya miaka mia tatu. Kwa muda mrefu wenyeji wengi hawakuwa na jina la ukoo kama tunavyolielewa leo. Mtu alibatizwa akapewa jina la mtakatifu, kisha akajichagulia la pili lenye heshima ya dini: de la Cruz (wa Msalaba), de los Santos (wa Watakatifu), del Rosario, de los Reyes, Bautista. Baba anaweza kuwa de la Cruz, mtoto akawa Santos, ndugu yake akawa kitu kingine. Na kijiji cha pili wapo mamia wenye majina yale yale wasiojuana hata kidogo.

Kwa watawala hiyo ilikuwa shida. Kodi ilitozwa kwa kichwa, mtu akihamia mji mwingine na kubadili jina amepotea. Padri naye alitakiwa kujua kama wanaotaka kuoana ni ndugu, na madaftari ya ubatizo hayamwambii kitu.

Gavana Mkuu Narciso Clavería ndiye aliyeamua kulimaliza. Huyu bwana alikuwa mtu wa mpangilio. Ndiye yule yule aliyeifuta siku nzima kwenye kalenda: Ufilipino ilikuwa ikihesabu tarehe kwa upande wa Amerika, ikawa nyuma ya majirani zake wa Asia kwa siku moja. Akaamuru Jumatatu ya 30 Desemba 1844 ifuatiwe na Jumatano ya 1 Januari 1845. Tarehe 31 Desemba 1844 haikuwahi kuwapo Ufilipino. Mtu wa namna hiyo akikutana na nchi ya watu wasio na majina ya ukoo, mnajua atafanya nini.

Tarehe 21 Novemba 1849 akatoa amri. Kitabu kikatengenezwa, *Catálogo alfabético de apellidos*, orodha ya majina ya ukoo kwa mpangilio wa alfabeti, yapata majina 60,000. Mle kulikuwa na majina ya Kihispania, maneno ya wenyeji yaliyokusanywa na wakubwa wa mashirika ya mapadri, na mengine yaliyotolewa kwenye mimea, madini, jiografia na sanaa. Amri yenyewe inaeleza hivyo.

Sasa ugawaji. Mkuu wa mkoa alipewa sehemu ya orodha, akaikatia kila mji fungu lake kulingana na wingi wa watu. Padri wa parokia, pamoja na mkuu wa mji na majumbe wa vitongoji, wakawaita wakuu wa kaya. Kila mkuu wa kaya akachagua jina, au akapewa, na kuanzia hapo likawa lake, la watoto wake na la wajukuu zake. Walimu waliagizwa waandikishe watoto kwa majina mapya na wahakikishe wanaitana kwa hayo hayo.

Kwa kuwa kitabu kimepangwa kwa alfabeti na miji imepewa mafungu, mji mmoja uliweza kuangukia herufi moja. Banton iliangukia F. Mji wa Oas, mkoa wa Albay kule Bicol, uliangukia R, na hadi leo majina ya R yamejaa Oas. Bicol ndiko mpango huu unakoonekana wazi kuliko pengine: herufi zimefuatana mji kwa mji, kama vile mtu alipita barabarani na kitabu mkononi.

Hivyo ndivyo watu wasiotamka F walivyopewa F. Lugha yao, Asi, haikuwa na sauti hiyo, kama zilivyo lugha nyingi za Ufilipino. Ndiyo maana nchi yao wenyewe wanaiita Pilipinas. Padri aliandika F kwenye daftari, bibi akaenda nyumbani akaitamka P, na karani wa miaka mia moja na zaidi baadaye akaandika alichosikia.

---

Mzee wa Korogwe

Mkuu umeandika kitu. Nina swali moja. Wafilipino wengi nilioona wana majina ya Kihispania, Garcia, Mendoza, Ramos. Mimi siku zote nimejua hao ni machotara, wana damu ya Wahispania. Kwa maelezo yako sivyo?

---

Mtoto wa Pangani

Mzee wangu, shikamoo. Kosa hilo hata mimi nilikuwa nalo. Garcia wa Ufilipino kwa kawaida ni mjukuu wa mtu aliyesimama mbele ya padri na jumbe akapewa Garcia. Machotara wapo, lakini jina la ukoo haliwezi kukuambia ni nani. Mwenye damu ya Kihispania anaweza kuwa na jina la kienyeji, na asiye na tone lake akawa Villanueva.

---

Dada Mwanaisha

Hapo kwenye walimu kuwaita watoto kwa majina mapya nimesoma mara mbili. Mtoto anatoka nyumbani anaitwa hivi, akifika shule anaitwa vingine na haruhusiwi kuitika la zamani. Inaumiza.

---

Kuli Mstaafu

Nilisafiri na mabaharia wa Kifilipino miaka kumi na moja, meli tatu tofauti. Nawapenda sana wale watu, ukiumwa wanakupikia uji wao wa mchele na tangawizi mpaka unapona. Naongeza machache kuhusu majina, maana melini usiku wa zamu mtu husimulia kwao.

Si wote waliopewa majina na Clavería. Wapo waliobaki na majina yao ya asili. Batangas kuna koo zinazoanza na *Dima*. Hiyo *di* kwa Kitagalogi ni kukanusha, kama "si" yetu au "ha". Dimaculangan ni asiyeweza kupunguzwa. Dimayuga ni asiyetikisika. Dimaguiba ni asiyebomoleka. Nilikuwa na bosi wa injini wa ukoo mmoja wa hizo, na kwa kweli alikuwa hatikisiki.

Halafu Panganiban, limetoka kwenye neno la hatari. Magsaysay, kusimulia. Batungbakal, jiwe la chuma. Majina kama haya wenyewe wanajivunia, wanasema haya ni yetu tangu kabla.

Wengine ni wa asili ya Kichina, wa Fujian. Ukiona jina linaishia na *-co*, kama Cojuangco au Tiongco, ile *co* ni neno la heshima la lugha ya Hokkien, maana yake kaka. Mtu aliitwa "kaka fulani" sokoni, Mhispania akaliandika lote kama jina moja, likawa la ukoo. Na ukiona *-son* au *-zon* kama Lacson, Dizon, Tuazon, ile ni mjukuu: Lacson ni mjukuu wa sita, Dizon wa pili.

---

Mtoto wa Pangani

Kaka Kuli, ahsante, hapo umenisaidia. Amri yenyewe ilikuwa na vifungu vya hilo. Familia iliyoweza kuthibitisha kwamba imeshika jina moja kwa vizazi vinne iliruhusiwa kuendelea nalo. Ila majina kama de la Cruz na de los Santos yalitolewa kwenye ruhusa hiyo, kwa sababu wenye nayo walikuwa wengi mno na vurugu ingebaki pale pale. Na yapo majina ya kifalme ya zamani, mfano Lacandola na Tupas, ambayo wasiohusika na koo hizo walikatazwa kuyachukua, maana wenyewe walikuwa na nafuu zao za kodi.

---

Wakili wa Kujitolea

Kama de la Cruz lilikatazwa, mbona ndilo jina lililojaa Ufilipino mpaka leo? Huyo "Juan dela Cruz" wanayemchora magazetini kama mwananchi wa kawaida katoka wapi?

---

Mtoto wa Pangani

Swali zuri sana, Wakili. Amri ilitoka Manila, utekelezaji ulikuwa mikononi mwa wakuu wa mikoa na mapadri, na amri yenyewe iliwaachia watumie busara zao. Wengine walifuata herufi kwa herufi kama Bicol na Romblon. Wengine, hasa maeneo ya Watagalogi karibu na Manila, waliwaacha watu na majina waliyoyazoea. Clavería mwenyewe hakukaa kuona matokeo, Desemba ile ile ya 1849 aliondoka. Milima ya kaskazini na Waislamu wa kusini, ambako Mhispania hakuwa na mkono imara, orodha haikuwafikia kwa namna hii.

Kwa hiyo Ufilipino ya leo ina tabaka mbili za majina. Juu yako machache yaliyobebwa na mamilioni: dela Cruz, Garcia, Reyes, Ramos, Mendoza, Santos. Chini yake yako maelfu kwa maelfu ya majina madogo madogo, kila moja na kijiji chake. Jina la Ate liko huko chini.

Na kwa kuwa Wakili umemtaja Juan, nimtaje José. José Rizal, shujaa wao wa taifa, aliyepigwa risasi na Wahispania mwaka 1896. Babu yake wa mbali wa upande wa baba alikuwa Mchina, Domingo Lamco, aliyechukua jina la Mercado, yaani soko. Ilipokuja amri ya Clavería, familia ikaongeza Rizal, lililotoka kwenye neno la Kihispania la shamba linalochipua kijani tena. Kaka yake Paciano alitumia Mercado, na alikuwa karibu na padri Burgos aliyenyongwa na Wahispania mwaka 1872 kwa tuhuma za uasi, hivyo jina likawa na macho ya serikali juu yake. José alipokwenda shule Manila akaandikishwa Rizal ili asiguswe na balaa hilo. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, kila mmoja na jina lake. Na lile lililochukuliwa kama kinga ndilo lililokuja kutingisha dola.

---

Binti Takwimu

Kaka Pangani, unasema jina ni adimu. Adimu kwa kipimo gani? Nimeingia kwenye tovuti inayotoa idadi ya watu wa kila jina duniani, nikaweka majina mawili ya F uliyotaja, nikapewa namba kamili kabisa, mpaka mtu wa mwisho. Naziamini?

---

Mtoto wa Pangani

Dada yangu, hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipotumia muda mwingi na ndipo watu wengi wanapopotea.

Zile namba ni makadirio. Tovuti inakusanya majina kutoka kwenye vyanzo vyake, inaona jina limetokea mara ngapi, kisha inalipanua lifanane na idadi ya watu wa nchi. Kwa dela Cruz haina tatizo, sampuli ni kubwa. Kwa jina lenye watu mia chache, wakikosekana au wakizidi watu kumi tu kwenye sampuli, jibu la mwisho linaruka vibaya. Namba inayoonekana kamili isikutishe.

Pili ni tahajia. Dela Cruz, de la Cruz na Delacruz mashine inaweza kuyahesabu kama majina matatu. Kwa jina dogo inauma zaidi: ukoo wa Ate una wenye F na wenye P, na wote ni watoto wa babu mmoja. Ukihesabu F peke yake umewaacha binamu zake nje.

Tatu ni jina la kati, na hili sikulijua mpaka Ate aliponifundisha. Mfilipino hubeba majina mawili ya ukoo: la kati ni la mama kabla hajaolewa, la mwisho ni la baba. Mwanamke akiolewa anaweza kuchukua la mume, na hapo jina lake la kuzaliwa linasogea katikati. Mahakama yao ya juu ilishasema mwaka 2010 kwamba kulichukua la mume ni hiari. Lakini wanaolichukua wapo wengi, na ukihesabu jina la mwisho peke yake, dada zake Ate wote wameshatoweka kwenye hesabu. Na Banton mama ni F, baba ni F, kwa hiyo Ate herufi zake za mwisho ni F.F., za mdogo wake F.F., za mwalimu wao F.F.

Ananiambia darasani mwalimu akiita majina ya mahudhurio hakukuwa na maana ya kusubiri zamu kwa herufi ya kwanza. Walipangwa kuanzia herufi ya pili: Fa, Fe, Fi, Fo. Alipokwenda chuo cha uuguzi Manila, siku ya kwanza mwalimu akafika F, akaitwa yeye peke yake, akashtuka. Hajawahi kusikia F moja tu darasani.

Sasa kipimo. Sensa yao ya 2020 ilihesabu watu milioni 109. Jina lenye watu 1,000 ni mtu mmoja kwa kila 109,000. Kwa nchi nzima hilo ni adimu kweli. Lakini Banton ni kisiwa cha watu kama elfu sita hivi; jina hilo hilo linaweza kuwa la jirani wa kulia, wa kushoto na mwenye duka. Ndiyo maana kuuliza "wako wangapi?" peke yake hakutoshi. Jina la watu 1,000 waliotawanyika nchi nzima na jina la watu 1,000 waliokaa visiwa vitatu ni vitu viwili tofauti, japo kwenye orodha yanakaa mstari mmoja. Ukitaka kulijua jina la Kifilipino, anza na wapi, wangapi itafuata.

---

Binti Takwimu

Nimekuelewa vizuri. Hilo la jina la kati nililikosa kabisa, narudi kwenye hesabu zangu.

---

Mjukuu wa Lamu

Kwetu jina la tatu ni la babu, linabadilika kila kizazi. Huku Doha nimejaza fomu zinazodai "jina la ukoo" nikaandika la babu, mdogo wangu akaandika nisba ya kabila, sasa kwenye mfumo sisi si ndugu. Nawaelewa hao Wafilipino mpaka ndani.

Swali langu: hizo F zimebaki Banton tu?

---

Mtoto wa Pangani

Hapana, zilitembea na watu. Wabanton ni watu wa bahari na kisiwa chao ni mawe, ardhi ya kulima ni kidogo. Toka zamani walihamia Odiongan, upande wa magharibi wa Tablas, wengine Mindoro. Lugha ya Asi utaisikia Banton, Simara, Sibale na Odiongan, na majina ya F utayakuta njia hiyo hiyo. Ukiwa na ramani ya bahari ya Sibuyan na orodha ya majina, unaweza kuwafuata kama unavyofuata nyayo mchangani. Siku hizi nyayo zimefika Muscat.

Kitu kingine kuhusu kisiwa chenyewe. Mwaka 1918, wakati wa Wamarekani, Banton ilibadilishwa jina ikaitwa Jones, kwa heshima ya mbunge wa Marekani William Atkinson Jones, mwenye ile sheria ya 1916 iliyoahidi Ufilipino uhuru. Mwaka 1959 bunge lao likapitisha sheria, kisiwa kikarudishiwa jina lake. Lakini F hakuna aliyedai zirudishwe. Nilimuuliza Ate kwa nini. Akasema, "Turudishe tuwe nani? Sasa hizi ndizo sisi."

Na msidhani historia yao imeanza na padri. Kisiwani kuna pango la Guyangan, humo kulikutwa majeneza ya mbao na kitambaa cha kuzikia kilichotiwa rangi nyuzi zake kabla ya kufumwa, kinakadiriwa kuwa cha karne ya 13 au 14. Ni katika vitambaa vikongwe kabisa vya namna hiyo Asia ya Kusini Mashariki, kiko Makumbusho ya Taifa, Manila. Ate anapokwenda Manila hupita kukitazama.

---

Dada Mwanaisha

Leseni yake ilitoka? Umetuacha hewani.

---

Mtoto wa Pangani

Samahani dada, nilisahau. Ilitoka. Ufilipino wana sheria namba 9048 ya mwaka 2001, makosa ya uandishi kwenye cheti cha kuzaliwa yanarekebishwa kwa msajili wa mji bila kwenda mahakamani. Mama yake akavuka kwa boti na cheti cha ubatizo cha Ate na vya ndugu zake, vyote vya F. Likarekebishwa kule, karatasi zikaja, na mimi mwenyewe ndiye niliyeingiza F kwenye mfumo wa huku, na kwa Kiarabu ف. Kwa Kiarabu herufi hiyo ipo, imekaa bila shida. Kinywa kilichoikosa ni cha bibi yake tu.

---

Baba Nuru wa Minnesota

Nimesoma uzi wote na mke wangu pembeni. Mdogo wangu ameoa Mfilipino, wana mtoto wa miaka tisa ambaye anauliza asili yake upande wa mama. Jina la ukoo la shemeji linaanza na R, si la kawaida hata kidogo, Wafilipino wa hapa wenyewe wanasema hawajalisikia. Niende Oas moja kwa moja?

---

Mtoto wa Pangani

Baba Nuru, Oas ni pa kuanzia tu. Herufi R ilitumika na pengine pia, tena jina linaweza kuwa limekuja kwa ndoa au kuhama. Fanya hivi. Mwulize shemeji babu na bibi zake walisema lugha gani nyumbani, kabla ya Kitagalogi na Kiingereza. Lugha na herufi zikikubaliana, una mji. Kisha tafuta madaftari ya parokia ya mji huo. Manila iliungua vibaya kwenye vita ya Februari na Machi 1945, nyaraka nyingi zikaenda, lakini makanisa mengi ya mikoani yalibaki na vitabu vyao, na FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta nasaba, wamepiga picha vingi, unaviona bure. Angalia ubatizo wa kabla na baada ya 1849. Kabla yake utakuta de la Cruz na Santos ukurasa mzima. Miaka michache mbele, ukurasa mzima umegeuka herufi moja. Na unapotafuta, jaribu tahajia zote ambazo sikio la karani lingeweza kusikia.

---

Baba Nuru wa Minnesota

Tumempigia shemeji sasa hivi. Yeye alijua wao ni watu wa Manila, basi. Akampigia shangazi yake. Shangazi anasema bibi yao alikuwa akikasirika anasema Kibikol, watoto hawaelewi kitu.

Mtoto ameshaandika "Oas" kwenye daftari lake, kapigia mstari.

---

Mtoto wa Pangani

Bicol hiyo. Mwambie aache nafasi chini ya huo mstari, na mwulizeni shangazi jina la kati la huyo bibi. Likianza na R nalo, nirudieni hapa.